Kuiandaa Nyumba kwa Dhoruba Kali na Kukatika kwa Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamepangwa kuanzia yale ya msingi hadi yale ya hali za pekee. Jambo lililokwisha kuelezwa mahali pengine halirudiwi. Msomaji anaelekezwa kwa namba ya swali. Utaona kwamba nafasi kubwa imetolewa kwa siku zinazofuata dhoruba kuliko kwa saa za upepo wenyewe. Upepo hupita kwa saa chache, ilhali giza, maji machafu na moshi wa jenereta hubaki na familia kwa siku nyingi, na huko ndiko watu wengi hupotea hali walikuwa wamekwisha kunusurika.

## Kuielewa hatari

1. Dhoruba ikisemwa ni ya daraja la chini, je, kuna haja ya kujiandaa?

Ipo. Kipimo cha Saffir-Simpson, kinachotumiwa kupanga vimbunga katika madaraja 5, hutazama kasi ya upepo peke yake: daraja la 1 huanzia kilomita 119 kwa saa, na daraja la 5 huanzia kilomita 252 kwa saa. Hakisemi lolote kuhusu kiasi cha mvua wala kimo cha maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu. Kimbunga Idai kilipoingia Msumbiji karibu na mji wa Beira usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, upepo ulivunja mji, lakini mvua iliyoendelea bara iligeuza mabonde ya mito kuwa kama bahari, na watu zaidi ya 1,000 walifariki katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Kwa hiyo, unaposikiliza taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa, usiulize daraja tu. Uliza pia mvua inayotarajiwa, mwendo wa dhoruba na kimo cha maji. Dhoruba inayokwenda polepole humwaga mvua nyingi mahali pamoja, hata kama upepo wake si wa kutisha.

2. Nijiandae kukaa bila umeme kwa muda gani?

Siku 3 ni kiwango cha chini kabisa, na wiki 2 ni kiwango cha busara kwa nyumba iliyo mbali, au inayofikiwa kwa barabara moja yenye daraja. Mafundi hawaanzi kwenye nyumba yako. Hurekebisha kwanza mitambo ya kuzalisha umeme na njia kuu, kisha vituo vya kupozea umeme, kisha hospitali na mitambo ya maji, ndipo waje mitaani. Nyumba iliyo mwisho wa laini huwashwa mwisho. Baada ya Kimbunga Maria kupiga Puerto Rico Septemba 2017, wapo wateja waliokaa gizani kwa karibu miezi 11. Hali ya namna hiyo si ya kawaida, lakini inatosha kuonyesha kwamba akiba ya usiku mmoja si akiba.

## Maji na chakula

3. Maji kiasi gani yanatosha?

Hesabu lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, kwa kunywa, kupika na usafi mdogo wa mwili. Familia ya watu 5 inahitaji lita 60 kwa siku 3, au lita 280 kwa wiki 2. Ongeza kwa ajili ya mama anayenyonyesha, mgonjwa, na wanyama.

Hapo hatujagusa choo. Choo cha kuvuta hufanya kazi bila umeme ukimimina ndoo ya lita 6 hivi kwa mkupuo mmoja, mradi bomba la majitaka halijaziba au kufurika. Kumimina kidogo kidogo hakusaidii, kwa sababu ni uzito wa maji unaoshuka kwa pamoja unaosukuma uchafu. Jaza mapipa, ndoo na beseni kwa kazi hiyo mara tu onyo linapotolewa, usisubiri mvua ianze. Watu wengi husahau kwamba tanki la juu hujazwa na pampu ya umeme: umeme ukikatika, kilichomo tankini ndicho ulicho nacho.

4. Maji safi yakiisha, niyatibu vipi yaliyopo?

Njia ya uhakika ni kuchemsha. Yaache yatokote kwa nguvu kwa dakika 1, au dakika 3 ikiwa unaishi juu ya mita 2,000, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kama huna nishati ya kuchemshia, tumia dawa ya klorini ya kufulia, isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6: matone 2 kwa kila lita ya maji maangavu, koroga, subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha weka matone 4 kwa lita. Baada ya nusu saa yanapaswa kutoa harufu hafifu ya klorini. Yasipotoa, rudia kipimo na usubiri dakika 15 nyingine.

Kuna mpaka wa uwezo wa njia hizi. Kuchemsha na klorini huua vijidudu. Haviondoi petroli, dawa za shambani wala kemikali nyingine. Maji ya mafuriko yaliyopita kwenye gereji au ghala la dawa hayafai kunywewa hata uyachemshe mchana kutwa.

5. Ni chakula gani cha kuweka?

Chochote ambacho familia yako hula kwa kawaida, kinachodumu bila baridi na kuliwa bila kupikwa au kwa kupashwa kidogo. Usinunue vyakula vigeni kwa ajili ya dharura, kwani mtoto aliyeogopa hali asichokizoea. Hakikisha una kifaa cha kufungulia vyakula vya bati kinachoendeshwa kwa mkono. Ukipikia gesi au mkaa, soma kwanza swali la 12, kwa sababu hatari ya moshi ni ileile.

6. Chakula kilichomo kwenye friji kitadumu saa ngapi?

Friji isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takribani saa 4. Friza iliyojaa huhimili takribani saa 48, na iliyojaa nusu takribani saa 24, kwa sababu vyakula vilivyoganda hupozana vyenyewe kwa vyenyewe. Ndiyo maana, onyo likitoka, inafaa kujaza nafasi tupu za friza kwa chupa za maji, bila kuzijaza hadi mdomoni, maana barafu hutanuka. Baadaye chupa hizo zitahamishiwa kwenye friji, na zikiyeyuka zitakuwa maji ya kunywa.

Kama utahama nyumba, gandisha maji kwenye kikombe, weka sarafu juu ya barafu, na uiache ndani ya friza. Ukirudi ukaikuta sarafu juu, friza haikuyeyuka. Ukiikuta chini kabisa, kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya umeme uliporudi, na chakula kinachoonekana kizima kinaweza kuwa sumu.

7. Je, ninaweza kugandisha tena kilichoanza kuyeyuka?

Unaweza, ikiwa bado kina chembe za barafu au hakijapita nyuzijoto 4. Ladha itapungua, lakini ni salama. Nyama, samaki, maziwa, mayai na vyakula vilivyopikwa vilivyokaa juu ya nyuzijoto 4 kwa zaidi ya saa 2 vitupwe. Usionje ili kujua, kwa sababu vijidudu vingi vinavyodhuru havibadilishi ladha wala harufu. Inauma kutupa chakula wakati wa shida, lakini kumuuguza mtu wa kuhara wakati maji ni ya kupima kunauma zaidi.

## Jengo lenyewe

8. Nianze kukagua wapi?

Anzia juu. Upepo mkali haulisukumi paa tu, hulinyanyua: unapopita juu yake kwa kasi, mgandamizo wa hewa hushuka upande wa nje, na hewa iliyoingia ndani kupitia dirisha au mlango uliovunjika husukuma kutoka chini. Bati huanza kung'oka kwenye ukingo na pembe, si katikati. Panda siku ya jua, au mpandishe fundi, ushike ukingo wa bati na kulitikisa kwa mkono. Likicheza hata kidogo, msumari umeshalegea. Skrubu za mabati hushika kuliko misumari, na kamba za chuma zinazofunga kenchi kwenye ukuta ni msaada mkubwa kuliko bati jipya juu ya kenchi lisilofungwa.

Kisha safisha mifereji ya maji, kata matawi yaliyoegemea paa au nyaya (yaliyo karibu na nyaya yaachie shirika la umeme), na uingize ndani kila kitu kinachoweza kuruka: viti, ndoo tupu, vyungu vya maua, vipande vya mabati. Mtungi wa gesi ufungwe valvu yake, usimamishwe wima na ukazwe kwa kamba imara nje ya nyumba.

9. Kubandika utepe kwenye vioo kunasaidia? Na kufungua dirisha moja ili kupunguza mgandamizo?

Yote mawili hapana. Utepe hauzuii kioo kuvunjika; huweza kukifanya kivunjike kwa vipande vikubwa zaidi. Kinachosaidia ni vifuniko vya dirisha au mbao za plaiwudi zenye unene wa milimita 16 hivi, zilizokatwa na kutobolewa mapema na kuandikwa dirisha la kila moja. Dirisha lililofunguliwa nalo huruhusu ule upepo unaosukuma paa kutoka chini, kama ilivyoelezwa katika swali la 8. Funga kila kitu, pamoja na milango ya vyumba vya ndani.

10. Tukae chumba gani, na tutoke lini?

Kaeni chumba cha ndani, kidogo, kisicho na dirisha, ghorofa ya chini, isipokuwa pale ambapo maji ni tishio. Hapo hamieni juu, lakini msiingie kwenye dari isiyo na njia ya kutokea. Upepo ukikatika ghafla na mbingu ikawa shwari, msitoke kabla ya kuthibitisha kwa redio. Huenda ni jicho la kimbunga. Ndege wanaweza hata kusikika, na watu hutoka kutazama uharibifu; kisha, baada ya dakika chache au karibu saa moja, upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande wa pili na kuzipiga kuta ambazo hazikuwa zimepigwa.

Mkiambiwa muhame, hameni mapema, mchana, barabara zikiwa bado zinapitika. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 huelesha gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi, yakiwemo makubwa. Gizani huwezi kuona kama barabara bado ipo chini ya maji hayo.

## Umeme wa dharura

11. Nizime umeme kabla dhoruba haijafika?

Chomoa vifaa vyote usivyovihitaji. Kuzima kwa swichi hakutoshi dhidi ya radi. Acha taa moja ikiwa imewashwa ili ujue umeme umerudi. Swichi kuu izimwe ikiwa maji yanaelekea kuingia ndani au mnahama, na izimwe mapema. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse.

12. Jenereta iwekwe wapi?

Nje, umbali usiopungua mita 6 kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, huku bomba la moshi likielekezwa mbali na nyumba, yako na ya jirani. Si varandani, si gereji hata mlango ukiwa wazi, si kwenye ngazi, si jikoni karibu na dirisha.

Naomba hili lisomwe polepole. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu aliyekesha na dhoruba hudhani ni usingizi tu. Analala, haamki. Mara nyingi kosa huanza kwa nia njema kabisa: mvua inanyesha, mtu anaihurumia mashine, anaivuta chini ya ukingo wa paa, nusu mita kutoka dirisha la chumba wanacholala watoto. Kama huna kibanda cha kuikinga na mvua kule mbali, subiri mvua ipungue. Jiko la mkaa na jiko la gesi la nje huleta gesi hiyohiyo. Kamwe visitumike kupashia chumba joto wala kuwashwa ndani ya chumba kilichofungwa. King'ora cha kaboni monoksidi chenye betri ni kifaa kidogo, na kila nyumba yenye jenereta inapaswa kuwa nacho. Kikilia, au watu wawili wakiumwa kichwa kwa pamoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

Mafuta yaongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, na yahifadhiwe kwenye galoni maalumu nje ya nyumba.

13. Ninaweza kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake?

Usifanye hivyo. Umeme wako utatoka kupitia mita, utapanda kwenye transfoma ya mtaa na kuongezwa volti maradufu nyingi, na fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa atauawa na umeme uliotoka nyumbani kwako. Unganisha vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kwa ekstensheni nene ya kutumika nje, au mwite fundi aliyesajiliwa akufungie swichi ya kubadilishia chanzo cha umeme.

14. Betri na inveta yangu itaniwashia taa kwa saa ngapi?

Chukua betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Zidisha: ni wati-saa 1,200. Ikiwa ni betri ya risasi na asidi, tumia nusu tu ili isife mapema, yaani 600. Inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, nayo hupoteza sehemu, tuseme zibaki 510. Taa 4 za wati 8 ni wati 32, kifaa cha intaneti wati 10, feni ya mezani wati 50: jumla 92, sawa na saa 5 na nusu. Zima feni, zinabaki wati 42, na betri ileile inafika saa 12. Feni imekula usiku mzima wa mwanga. Pasi, birika na jiko la umeme visifikiriwe kabisa.

15. Nina sola juu ya paa. Kwa nini nami nimo gizani?

Mitambo mingi ya sola iliyounganishwa na gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, hujizima gridi inapokatika, kwa makusudi, ili kumlinda fundi yuleyule wa swali la 13. Bila betri na inveta iliyotengenezwa kufanya kazi ikiwa imejitenga na gridi, paneli hazikusaidii hata jua likiwaka. Muulize aliyekufungia sasa, si siku ya dhoruba.

16. Simu nitaitunzaje?

Betri ya akiba ya mAh 10,000 haichaji simu ya mAh 5,000 mara mbili kama hesabu inavyoonekana. Kwa sababu ya upotevu wa kubadilisha volti, tegemea mara moja na kidogo. Punguza mwanga wa kioo, zima intaneti, na utume ujumbe mfupi badala ya kupiga, kwani ujumbe hupenya mtandao uliolemewa. Andika namba muhimu kwenye karatasi. Weka pia fedha taslimu za noti ndogo, maana mtandao ukianguka, malipo ya simu na ya kadi huanguka nao.

17. Mishumaa inafaa?

Tochi ni bora. Mshumaa katika chumba chenye watoto, upepo na magodoro yaliyosogezwa ni moto unaongojea nafasi, na wazima moto hawatafika upesi usiku huo.

18. Umeme umerudi lakini taa ni hafifu. Nifanye nini?

Zima mara moja friji, pampu na kiyoyozi. Mota inayopata volti pungufu huvuta mkondo mkubwa, hupata joto na kuungua. Subiri taa ile moja ya swali la 11 iwake kwa nguvu ya kawaida bila kupepesa kwa dakika 10 au 15, kisha washa vifaa kimoja kimoja.

## Wenye mahitaji ya pekee

19. Mgonjwa anatumia insulini au mashine ya oksijeni. Tufanyeje?

Insulini nyingi zilizokwisha kufunguliwa huhimili joto la chumba kwa siku 28 hivi, mradi lisizidi nyuzijoto 30. Soma karatasi ya dawa yako, kwa kuwa aina hutofautiana. Isigusane na barafu, maana ikiganda imeharibika. Pasipo baridi, iweke kwenye chombo kikavu ndani ya chungu cha udongo kilicholoweshwa, kivulini penye hewa. Maji yanapokauka kwenye udongo hupunguza joto.

Mashine ya oksijeni ni habari nyingine: haingoji. Mtungi wa akiba uwepo nyumbani, saa zake za kutumika zijulikane, na hospitali itakayompokea ikubaliwe kabla. Kwa mgonjwa wa aina hii ushauri wangu ni kuhama mapema hata kama majirani wanabaki.

20. Na mtoto mchanga?

Anayenyonya aendelee kunyonya. Hakuna chakula salama zaidi wakati maji ni ya mashaka. Anayetumia maziwa ya unga atayarishiwe kwa maji yaliyochemshwa (swali la 4), kiasi cha mlo mmoja tu, na kinachobaki kimwagwe.

21. Wanyama wafungwe?

Wasifungwe kamba mahali panapoweza kufurika. Kama huwezi kuhama nao, waache huru penye mwinuko, pamoja na maji na chakula.

## Baada ya dhoruba

22. Waya umeanguka barabarani lakini hautoi cheche. Naweza kupita?

Hapana. Waya wenye umeme unaweza kulala kimya kama kamba. Kaa mbali angalau mita 10, na mbali zaidi ikiwa ardhi imelowa, uwazuie wengine na utoe taarifa. Ukiangukia gari ulimo, baki ndani. Gari likishika moto, ruka kwa miguu miwili iliyobana bila kugusa gari na ardhi kwa wakati mmoja, kisha ondoka kwa kuburuza nyayo bila kuzitenganisha, kwa sababu mguu mmoja ukiwa penye volti tofauti na mwingine, umeme utapita mwilini.

23. Maji yaliingia ndani. Nawezaje kurudi?

Ingia mchana, kwa viatu vigumu, ukitangulia na fimbo, kwa kuwa nyoka nao walikuwa wakitafuta pakavu. Ukisikia harufu ya gesi, toka bila kugusa swichi. Soketi zilizozama zikaguliwe na fundi kabla ya kuwashwa. Piga picha za uharibifu kabla ya kusafisha. Ukungu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48, hivyo magodoro na mazulia yatoke nje kwanza. Unapotumia klorini kusafishia, usiichanganye na dawa yenye amonia wala asidi ya vyooni. Huzaa gesi inayochoma mapafu.

24. Kisima kilifunikwa na mafuriko, sasa maji yameshakuwa maangavu. Yanafaa?

Yahesabu kuwa machafu hadi kisima kisafishwe, kitiwe klorini, na sampuli ipimwe kwenye maabara. Wakati unasubiri majibu, fuata swali la 4; na kama kisima kilizama pamoja na pampu yake ya umeme, usiwashe pampu kabla fundi hajaikagua, hata kama ndicho chanzo chako pekee cha maji.